Mwanagenzi na Maprograma: Kutafuta Kasoro Katika Mchezo wa Ofisi

Mchezo wenyewe, wa kuchezwa kwenye simu, ni rahisi kueleza. Mwanafunzi wa chuo kikuu, ndiye mwanagenzi wetu, ametumwa mafunzo ya kazini likizo ya Juni hadi Agosti, na anaangukia ofisi ya ghorofa ya pili Ntinda au Bukoto, mitaa ya Kampala, kati ya maprograma, yaani waandishi wa programu za kompyuta, wanaotakiwa kumaliza kazi kabla mteja hajaja. Hajui msimbo (code) wa kutosha kuwasaidia kuandika. Kazi yake ni kuhakikisha wao wanaandika: awapelekee chai, azuie wageni mlangoni, anunue Yaka, umeme wa kulipia kabla, taa zisije zikazimika, amwamshe anayesinzia, awatenganishe wanaobishana juu ya Arsenal. Mchezaji anacheka, siku inakwisha, kitabu cha mafunzo kinatiwa sahihi.

Kuurekebisha unapoharibika ndiko kugumu. Katika mchezo wa kuchekesha, hitilafu ya msimbo hujificha ndani ya utani mbaya, na utani mbaya hujificha ndani ya hitilafu ya msimbo. Mchezaji hatakwambia kwamba saa ya mchezo inafuata kasi ya skrini yake. Atakwambia mchezo unamchosha. Mwingine atasema simu yake ina shida, kumbe tatizo ni kwamba hakuelewa kwa nini programa aliacha kazi. Nimesimamia upimaji wa mchezo wa aina hii hapa Kampala, na ninachokiandika hapa kimepangwa kwa maneno ya wachezaji wenyewe, kwa sababu hayo ndiyo utakayoanza nayo na wewe.

Kabla ya kufungua msimbo, uliza swali moja. Je, tatizo linamfuata mchezaji au linaifuata simu? Mpe mchezaji yuleyule simu nyingine. Likibaki na simu, tafuta kwenye saa, kumbukumbu na picha. Likimfuata mchezaji, tafuta kwenye mpangilio wa mchezo: kuna jambo ambalo skrini haikumwonyesha. Mifano yangu ni ya Godot, injini ya bure ya kutengenezea michezo ambayo chanzo chake kimekuwa wazi tangu 2014 na ambayo laptopu dhaifu inaimudu, lakini dalili ni zilezile kwenye injini nyingine.

“Siku inakwisha kabla sijafika mezani”

Mchezaji mmoja anasema siku ni fupi, mwenzake kwa toleo hilohilo anasema ni ndefu mno. Waketishe pamoja na ulinganishe simu. Ikiwa wa kwanza ana skrini ya Hz 120 (inayochorwa mara 120 kwa sekunde) na wa pili ana ya Hz 60, umeshafika. Saa ya ofisi inaongezwa kiasi kilekile kwa kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa mara moja, kwa hiyo siku uliyoipanga iwe ya dakika 4 kwenye fremu 60 kwa sekunde inakuwa ya dakika 2 kwenye fremu 120. Simu ya bei nafuu inayoshindwa kupita fremu 30 itaifanya dakika 8, na mwenye simu hiyo ataamini kwamba mchezo hauna uhai.

Kila kinachokwenda na wakati (saa, njaa, usingizi, chai kupoa) kizidishe kwa delta, yaani sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia. Mwendo wa mwanagenzi uweke kwenye _physics_process, ambayo Godot huiendesha mara 60 kwa sekunde bila kujali skrini, usipoibadilisha mwenyewe.

Watu wengi huishia hapo, na tatizo linabaki nusu. Nusu ya pili iko kwenye nasibu. Tafuta msimbo wote mahali panaposema: nambari ya nasibu ikiwa chini ya kiasi fulani, programa asinzie. Ukiuacha mstari huo ndani ya kila fremu, simu ya fremu 60 humpa programa nafasi 60 za kusinzia kila sekunde, na ya fremu 30 humpa nusu yake. Saa zitalingana vizuri kabisa, lakini ofisi moja italala na nyingine itakesha. Uamuzi wa nasibu uhamishie kwenye kipima muda kinachouliza mara moja kila sekunde, halafu rekebisha uwezekano upya kuanzia hapo.

Kama siku inaruka mbele ghafla baada ya mchezaji kutoka na kurudi, delta ya kwanza baada ya kurudi ni kubwa kupita kiasi. Iwekee ukomo, kwa mfano isizidi sehemu ya kumi ya sekunde.

“Nimempa chai, bado amelala”

Lalamiko hili litakujia mara nyingi kuliko mengine yote, na lina vyanzo vitatu vinavyofanana kwa macho. Vifuate kwa mpangilio huu.

Kwanza, huenda chai haikufika. Kwenye menyu ya Debug washa maumbo ya kugongana yaonekane, halafu mwambie mchezaji arudie. Mara nyingi utaona amebonyeza akiwa hatua moja nje ya eneo la meza. Kidole hufunika nusu ya meza kwenye skrini ndogo, na mchezaji hana namna ya kujua mpaka uko wapi. Panua eneo, na uuhifadhi ubonyezo kwa muda mfupi sana, sekunde 0.2 inatosha, ili anayebonyeza mapema kidogo ahudumiwe anapofika. Kama maprograma wawili wamekaa karibu, angalia pia kama chai imeenda kwa jirani. Msimbo unaochukua wa kwanza kwenye orodha utampa chai asiyeihitaji. Chagua yule ambaye mwanagenzi amemwelekea.

Pili, huenda chai imefika, ikamezwa na hesabu. Nguvu ya programa umeipangia kuanzia 0 hadi 100, lakini hakuna mahali panapoizuia kushuka chini ya sifuri. Programa aliyelala anaendelea kupungukiwa, sasa yuko −35. Chai inamwongezea 30. Anafika −5, bado amelala, na mchezaji amepoteza kikombe. Chapisha thamani hiyo juu ya kichwa cha programa wakati wa kupima, na tatizo litajionyesha papo hapo. Ibane thamani ndani ya kazi (function) moja tu ya msimbo inayoruhusiwa kuibadilisha. Ukiwa na sehemu tano tofauti zinazogusa nguvu za programa, utasahau moja.

Tatu, na hapa ndipo moyo wa mchezo ulipo, huenda chai imefanya kazi yake sawasawa ila mchezaji hakuoneshwa. Mwaka 1908 wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson walieleza, kwa majaribio ya panya, kwamba msisimko husaidia utendaji mpaka kiwango fulani, na kwamba kazi ikiwa ngumu msisimko wa kupita kiasi huuharibu. Mchezo wa aina hii unafaa kufuata mchoro huo: kikombe cha kwanza kinamwamsha, cha pili kinamkaza, cha nne kinamtetemesha mikono akafuta kazi aliyoandika asubuhi. Ni sheria nzuri na ina ukweli wa maisha ndani yake. Lakini mchezaji asipoona kwamba hiki ni kikombe cha nne, kwake ni hitilafu tu.

Kwa hiyo kila kikombe kiache alama. Kikombe kitupu kibaki mezani mpaka mwanagenzi akiondoe. Goti lianze kutikisika kwenye kikombe cha tatu. Mchezaji anayeweza kuhesabu vikombe kabla ya kupeleka kingine hatalalamika hata programa akipanda juu ya kiti, maana atajua ni yeye aliyemfikisha huko, na ataangua kicheko. Hilo ndilo ninalotaka kila mtengenezaji alishike: kicheko kinakuja pale chanzo kilipoonekana kabla ya tokeo. Ukionyesha tokeo peke yake, unapata malalamiko.

Ukitaka vinywaji vitofautiane, Uganda imekupa tofauti ya kweli ya kutumia. Robusta, aina ya kahawa ambayo huota kwa asili katika misitu ya nchi hii, ina kafeini inayokaribia mara mbili ya arabika, na arabika yetu hulimwa milimani kama Elgon. Chai ya maziwa kwa kawaida ina kafeini kidogo kuliko kahawa. Basi vinywaji vitatu, nguvu tatu, rangi tatu za vikombe, na mchezaji anajifunza bila kusoma maelezo. Kafeini ya kweli hukaa mwilini saa nyingi, nusu yake huondoka kwa kama saa tano, hivyo hakuna ubaya programa wa kikombe cha jioni akija kesho na macho mekundu. Mradi macho hayo yachorwe.

“Giza likiingia nimeshindwa, sina la kufanya”

Kukatika kwa umeme ni tukio ambalo kila mtengenezaji wa Kampala hulitia mchezoni, na karibu kila mara hulitia vibaya. Skrini inakuwa nyeusi, kazi inapotea, alama zinashuka. Mchezaji anasema ni dhuluma, na yuko sahihi.

Chanzo ni kwamba mchezo umechanganya giza mbili. Kuna giza la Yaka kuisha, ambalo ni la ofisi yako peke yako na mtu anaweza kuliondoa kwa kununua yuniti kwa simu. Na kuna giza la mtaa mzima, ambalo hakuna yuniti itakayoliondoa. Mkaaji wa Kampala huzitofautisha kwa kufanya jambo moja: anachungulia dirishani. Duka la ng'ambo likiwa na taa, ni Yaka. Likiwa giza, ni laini ya umeme ya mtaa. Mpe mwanagenzi dirisha hilo. Weka duka ng'ambo ya barabara, na taa yake iwe kweli imeunganishwa na hali ya umeme wa mtaa ndani ya msimbo wako. Mara moja tukio lililokuwa adhabu linakuwa fumbo la sekunde tatu, na yule anayenunua yuniti za shilingi 50,000 ilhali mtaa wote umezama gizani atacheka huku ameshika kichwa.

Onyo nalo liwepo. Mita ya Yaka hulia yuniti zinapokaribia kuisha. Mlio huo uweke ofisini, usikike chini ya kelele za maprograma, ili anayesikiliza awahi.

Halafu kagua minyororo. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) inazimika hapo hapo, laptopu inaendelea kwa betri, lakini ruta imezimika na hakuna WiFi, kwa hiyo programa wa laptopu anayehitaji intaneti amekaa kimya anatazama skrini inayowaka. Mchezaji akiona skrini inayowaka na mtu asiyefanya kazi, atadhani ni hitilafu. Zima taa ndogo za ruta ukutani, na chora alama ya intaneti iliyokatwa juu ya programa huyo. Kama maandishi ya mchezo bado yanamwambia mwanagenzi awapigie Umeme Limited, yarekebishe, maana usambazaji wa umeme ulirudi mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, Aprili 2025.

Lalamiko la “umeme unakatika kila siku” lina chanzo cha hesabu. Ukirusha kete yenye nafasi 1 kati ya 5 kila siku ya mchezo, mchezaji 1 kati ya 125 atapata giza siku tatu za kwanza mfululizo. Ukiwa na wachezaji elfu moja, hao ni kama wanane, na ndio watakaoandika maoni. Acha kete. Tengeneza mfuko wa siku tano wenye giza moja ndani yake, uuchanganye, utoe siku mojamoja mpaka uishe, kisha ujaze tena. Nasibu inabaki, na magiza hayawezi kurundikana zaidi ya siku mbili zinazofuatana.

“Nashinda kwa kuwagombeza tu”

Mchezaji amegundua kwamba akisimama katikati ya ofisi na kubonyeza kitufe cha kuhimiza bila kukoma, kila mtu anachapa na anashinda. Hajachekeshwa na chochote, na ana haki ya kuufuta mchezo.

Usikimbilie kukiwekea kitufe muda wa kupumzika. Hilo linaificha dalili. Chanzo ni kipimo: umehesabu kuchapa. Uhandisi wa programu una kisa maarufu juu ya hili. Mwaka 1982, wasimamizi wa Apple waliwataka wahandisi wajaze kila wiki fomu ya idadi ya mistari ya msimbo waliyoandika. Bill Atkinson alikuwa ndiyo kwanza ameiandika upya sehemu ya QuickDraw, msimbo wa kuchora kwenye skrini, ikawa na kasi kubwa zaidi na mistari michache zaidi. Akajaza −2000. Baada ya wiki kadhaa wakaacha kumwomba fomu hiyo.

Mchezo unaohesabu kuchapa unarudia fomu ile. Badilisha kinachohesabiwa. Gawa kazi iwe vipande vinavyokamilika, na mpe kila programa umakini unaopanda polepole anapoachwa na kushuka ghafla anapokatizwa. Anayegombezwa atachapa kwa kasi lakini atazalisha hitilafu, na hitilafu hizo zionekane: karatasi nyekundu zinarundikana mezani kwake, na kesho asubuhi anaanza siku kwa kuzifuta. Sasa mwanagenzi ana kazi ya maana. Kumlinda mtu aliyezama kazini dhidi ya muuza kalenda, mjomba wa bosi na simu ya benki ni kazi, na inachekesha zaidi kuliko kupiga kelele, kwa sababu mwanagenzi mwenyewe ndiye anayejipeleka mbele ya usumbufu.

Angalia pia sharti la mwisho la ushindi. Mwanafunzi wa mafunzo ya kazini ana msimamizi ofisini na msimamizi wa chuo anayekuja kumtembelea, na ana kitabu anachopaswa kukijaza. Ukiacha alama zote zitokane na maprograma, mchezaji hana sababu ya kumpenda mwanagenzi wake. Acha sehemu ya alama itokane na aliyojifunza: programa aliyehudumiwa vizuri anamwita aone tatizo, na mstari mmoja unaingia kitabuni. Wachezaji waliopitia mafunzo kama hayo wataligundua hilo upesi kuliko yeyote, kwa kuwa wengi wao walipeleka chai kwa wiki nyingi wakisubiri mtu mmoja awaite waone skrini.

“Sicheki”

Hapa hakuna zana ya kukuonyesha mstari wenye kosa, lakini vyanzo vipo na vinaweza kutafutwa.

Anza na ucheleweshaji, kwa sababu ni rahisi kuukagua. Rekodi skrini na mkono wa mchezaji kwa simu nyingine, kisha upitie video polepole. Kama programa anaanguka kitini karibu nusu sekunde baada ya kuguswa, utani umeshapita. Sauti iliyopakiwa kutoka kwenye hifadhi wakati inapohitajika ndiyo huchelewa mara nyingi. Ipakie siku inapoanza.

Kisha marudio. Weka kumbukumbu ya kila sentensi inayosemwa na uhesabu. Sentensi ikisikika mara tatu ndani ya siku moja ya mchezo imekufa, hata kama mara ya kwanza watu walianguka chini. Mfuko uleule wa umeme unafaa hapa: toa sentensi zote kabla ya kurudia yoyote.

Chanzo cha tatu ni Kiswahili chenyewe kinavyosikika Uganda. Ukimpa bosi wa mchezo amri fupi fupi, “Wewe! Leta chai! Haraka!”, mchezaji wa Mombasa atacheka na mchezaji wa Kampala mwenye umri wa wazazi wetu atanyamaza. Kiswahili kilikuwa lugha ya King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki, kikabaki lugha ya jeshi, na kwa familia nyingi za hapa amri ya Kiswahili iliwahi kuwa sauti ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima, hivyo vijana wanakutana nacho darasani bila mzigo ule. Ndiyo maana jaribio la wachezaji wa umri mmoja halitakuonyesha tatizo. Leta wa umri tofauti, na uwaite wazungumzaji wa Arua na Bombo, wa Busia, na Wakongomani wa Kampala, kwani kila kundi lina masikio yake.

Tiba ni kuubadilisha uhusiano, na maneno yatafuata. Mwanagenzi amwite programa kaka au dada, bosi amwite mwanagenzi mwanangu anapotaka jambo lisilowezekana. “Mwanangu, nisaidie na chai, mgeni amekaa tangu asubuhi” inachekesha kwa sababu ni ombi la upole linaloangusha kila kitu ambacho mchezaji alikipanga. Heshima inaupa mchezo nafasi ya kupanda kabla ya kuanguka. Amri haina pa kuangukia.

Chanzo cha nne ni shabaha ya utani. Mhusika anayechekwa kwa lafudhi yake, kwa mfano Mganda anayechanganya l na r, atawafanya wachezaji fulani wafunge mchezo bila kusema kwa nini. Utaona tu kwamba wanaondoka kwenye mazungumzo ya mhusika yuleyule. Mwondolee lafudhi, mpe tabia: anayeficha rolex, chapati iliyoviringwa na mayai, kwenye droo akidhani harufu ya mayai haitoki, anayejibu kila swali kwa swali, anayeamini kompyuta yake husikia ikisengenywa. Nasimama imara kwenye hili. Ofisi za Kampala zimejaa watu wa kila upande wa nchi, na mchezo unaomfanya mmoja wao ajisikie mgeni mbele ya simu yake mwenyewe haujakamilika.

“Maneno yamekosewa”

Mchezaji anatuma picha ya skrini: “Kikombe imevunjika”. Chanzo ni sentensi iliyoungwa kwa vipande, jina la kitu likichomekwa mbele ya “imevunjika”. Inafaa kwa kompyuta na chupa, inaharibika kwa kikombe, madirisha na mlango. Usijaribu kuandika kanuni za ngeli ndani ya msimbo kwa ajili ya vitu ishirini. Andika sentensi nzima kwa kila kitu kwenye jedwali la maandishi, kikombe kimevunjika, mlango umevunjika, madirisha yamevunjika, na uite sentensi kwa ufunguo wake. Fanya vivyo hivyo kwa idadi: programa 1 amelala, maprograma 3 wamelala.

Maandishi yanayotoka nje ya kitufe yana chanzo kingine, upana uliopimwa kwa neno fupi la toleo la awali. Acha kitufe kijipanue chenyewe ndani ya kontena, na uchague kitenzi kinachobeba mtendwa: “Mwamshe”, “Mpishe”, “Mzuie”.

“Amekwama kwenye kona”

Njia ya mwanagenzi imepigwa hesabu kwa mwili mwembamba kuliko mwili wake. Linganisha nusu kipenyo cha wakala (mwili wa mhusika katika hesabu ya njia) kilichotumika kutengeneza eneo la kutembea na umbo lake la kugongana, na la kwanza liwe kubwa kidogo. Kama anatetemeka mahali pamoja bila kufika, umbali wa kuhesabiwa amefika ni mdogo mno kwa kasi yake. Uongeze. Viti vinavyosogea visiwe sehemu ya eneo lililotengenezwa mapema.

“Simu inachemka, halafu mchezo unajifunga”

Kuchemka na kujifunga mara nyingi ni matatizo mawili. Kuchemka hutokana na kuchora fremu nyingi kuliko inavyohitajika: weka ukomo wa fremu 60, au 30 kwa anayetaka kuokoa betri, kwa sababu mtu anayecheza huku umeme umekatika kweli hana pa kuchaji. Tumia pia mfumo wa kuchora wa Compatibility, uliokusudiwa simu za zamani.

Kujifunga ni kumbukumbu. Picha ya PNG yenye kilobaiti mia chache kwenye diski hufunguliwa yote inapopakiwa: ukubwa wa 2048 kwa 2048, baiti 4 kwa kila nukta, ni MB 16. Kumi kati ya hizo ni MB 160, na simu ya RAM ya GB 2 yenye WhatsApp nyuma itaufunga mchezo wako bila ujumbe wowote. Mandhari ya ofisi yakate vipande vinavyorudiwa. Meza moja iliyochorwa vizuri inatosha ofisi nzima.

“Nilipigiwa simu, siku yangu ikapotea”

Unahifadhi siku inapokwisha pekee. Android inaweza kuua programu iliyo nyuma wakati wowote, bila kuiuliza. Hifadhi pale mchezo unapopokea taarifa ya kusimamishwa, na pia kila tukio kubwa linapotokea. Andika kwanza kwenye faili ya muda ndani ya user://, folda ya Godot ya kuhifadhi data za mchezaji, kisha uibadilishe jina ichukue nafasi ya ile ya zamani, ili betri ikizimika katikati ya kuandika angalau moja ibaki nzima.

“Bando langu halitoshi kuupakua”

Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na mchezaji wako anahesabu kila megabaiti. Anza na sauti: WAV ya stereo ya ubora wa CD ni kama MB 10 kwa dakika, na kelele za ofisi za dakika tatu peke yake ni MB 30. Zigeuze ziwe OGG, sauti iliyobanwa, na milio mifupi iwe ya mono. Kisha tazama usanifu wa prosesa. Faili moja ya APK (faili ya kusakinisha) iliyobeba arm64-v8a ya prosesa mpya na armeabi-v7a ya zile za zamani pamoja inabeba injini mara mbili. Kwenye duka la Google pakia furushi la AAB, kila simu ishushe sehemu yake tu. Ukigawa mwenyewe kwa Bluetooth au WhatsApp, tengeneza faili mbili na uzipe majina ambayo mtu asiye fundi ataelewa, “simu mpya” na “simu ya zamani”, na umwambie anayeshindwa kusakinisha ya kwanza ajaribu ya pili.